Pointi Mbili za Mchezaji Bora

Kaeni, ndugu zangu, kaeni. Mama mwenye mtoto anayelia asitoke nje kwenye baridi, mimi nina sauti ya kutosha kumshinda.

Leo nawapa mfano. Nimeutunga mwenyewe, nawaambia mapema, ili mtu asitoke hapa akaanza kuulizia ukoo wa fulani na chuo cha fulani. Lakini vumbi lililomo ndani yake nalifahamu, maana na mimi nilisoma ualimu miaka ile, na nilicheza mpira wa kikapu. Nilicheza vibaya, lakini nilicheza.

Palikuwa na binti mmoja aliyepewa kalamu.

Tumwite Subilaga. Alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu huku kwetu nyanda za juu. Hakuwa mchezaji. Alikuwa na mwandiko mzuri na macho makali, basi mwalimu wa michezo akamweka kwenye meza ya pembeni ya uwanja aandike pointi: nani amefunga, dakika ya ngapi, nani amecheza rafu. Daftari lake ndilo lililokuwa neno la mwisho. Refa akisahau, anakuja kuuliza pale mezani.

Wenzangu wenye mvi, mnaukumbuka uwanja wa namna ile? Saruji imepasuka katikati na majani yameota kwenye ufa. Ringi haina wavu, kwa hiyo mpira ukipita, walioketi upande wa pili wanaapa haukuingia. Raba jozi moja wanavaa watu wawili: anayetoka anamvulia anayeingia, na mchezo mzima unasubiri kamba zifungwe. Mwezi wa saba, saa nne asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya ringi, na akina dada wamejifunga khanga mbilimbili wanaimba mpaka mvuke unawatoka midomoni. Tulikosa karibu kila kitu, na ajabu ni kwamba sikumbuki tukilalamika. Nakumbuka tukicheka.

Na palikuwa na tuzo. Mashindano ya vyuo vya kanda yalipoanza, miaka ya sabini, tuzo ilikuwa moja tu: Ngao ya Mchezaji Bora. Ilikuwa ubao wa mninga uliochongwa na mafundi wa chuo kimoja, umezungukwa na vibati vya shaba, na kila mwaka kibati kimoja kinaandikwa jina. Baada ya miaka michache makocha wakanung'unika kwamba mchezaji hajifundishi mwenyewe, ikaongezwa tuzo ya Kocha Bora. Hiyo ilikuwa filimbi ya shaba iliyopigiliwa kwenye kibao. Baadaye sana zikaja za mlinzi bora, za chipukizi, za nidhamu, na siku hizi nasikia mshindi anapewa hadi simu. Lakini wakati ninaousema zilikuwa mbili tu, na mtu angezitamani mwaka mzima.

Tena Mchezaji Bora hakupigiwa kura. Kura zilikuja miaka ya mbele, makocha walipoanza kukaa na kubishana. Wakati ule ilikuwa hesabu: aliyefunga pointi nyingi katika mashindano yote, ngao ni yake. Na juu ya ngao, mwaka huo wa themanini na mbili, mshindi angeingia kwenye timu ya vyuo vyote na kwenda kucheza Lusaka. Kwa treni! Mtoto wa mkulima wa ndizi, avuke mpaka kwa treni, avae suti ya michezo yenye jina la nchi mgongoni. Ninyi vijana mnatabasamu. Sisi tungetembea kwa magoti kwa ajili ya safari ile.

Katika chuo cha Subilaga walikuwako vijana wawili waliokuwa wakiifukuzia ngao hiyo. Mmoja Asajile, mrefu, mtulivu, mikono kama matawi. Alivaa namba kumi na nne. Mwingine Gwakisa, mfupi, mwepesi, mdomo haupumziki. Alivaa namba nne. Na walikuwa marafiki, si marafiki wa uwanjani tu. Kitanda chao kilikuwa cha ghorofa, mmoja juu mmoja chini. Sabuni walikata vipande viwili kwa uzi. Walikuwa wameshakubaliana kwamba atakayetangulia kuoa, mwenzake ndiye atakayemsimamia.

Basi siku ya fainali ikafika. Uwanja umejaa mpaka watu wamekaa juu ya ukuta wa jiko. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, baba yake Gwakisa akaja. Mzee huyo hakuupenda mpira. Alikuwa akimwita mwanawe mzururaji, tena mbele za watu. Alikuja kwa miguu kutoka kijijini, akasimama nyuma kabisa, kofia kichwani, mikono mgongoni, kama mtu aliyekuja kukagua shamba la jirani.

Zimebaki dakika nne. Mpira umetoka nje, upande wa meza ya Subilaga. Gwakisa akaja kuurusha. Alisimama karibu naye kiasi kwamba jasho lake lilidondokea ukingo wa daftari. Akarusha. Mpira ukaenda juu, chini ya ringi wakaruka watu watano, mikono imechanganyikana, mpira ukagonga chuma, ukarudi, mkono mmoja ukausukuma, ukazama. Watu wakalipuka. Subilaga akainua macho haraka, akaona mgongo wenye namba nne ukigeuka kurudi. Akaandika: namba nne, pointi mbili.

Chuo chao kikashinda. Wakapanga meza ya mgeni rasmi, ikatandikwa kitambaa. Kocha wao, Mwalimu Mwakalobo, akaitwa kwanza, akapewa ile filimbi ya shaba, akashikwa na kigugumizi kwa furaha. Halafu msomaji akachukua karatasi.

"Mchezaji Bora! Anayeshika nafasi ya pili, Asajile, pointi tisini na sita. Na mshindi, kwa pointi tisini na saba, Gwakisa!"

Pointi moja, ndugu zangu. Wenzake wakambeba juu. Kule nyuma yule mzee wa kofia akaivua, akaishika kifuani, akaanza kuwasalimu watu asiowajua: "Huyo wangu. Huyo wangu huyo." Asajile alikuwa anapiga makofi. Subilaga alimwona, na akafikiri: kijana huyu ana moyo.

Kesho yake asubuhi Subilaga na wenzake wakafua jezi za timu. Jezi zile zilishonwa palepale chuoni, na namba zilikatwa kwenye shuka kuukuu zikashonewa mgongoni kwa mkono. Walipomaliza kuanika, Subilaga akarudi nyuma kutazama kamba. Akaona namba nne. Jezi mbili mbele, akaona namba nne nyingine.

Akasogea. Ile ya pili ilikuwa ndefu kuliko zote, na kando ya ile nne palikuwa na nyuzi zinaning'inia na alama ya kitambaa kisichopauka. Moja ilikuwa imebanduka. Ilikuwa jezi ya namba kumi na nne.

Hapo akakumbuka jasho kwenye daftari. Gwakisa alikuwa nje ya mstari, mbele ya meza yake! Mtu aliyesimama nje anarusha mpira anawezaje, kabla ya kuhesabu tatu, awe chini ya ringi anafunga? Akakimbilia chumbani, akafungua daftari, akapiga hesabu kwa kidole. Ondoa mbili kwa Gwakisa, inabaki tisini na tano. Mpe mbili Asajile, inakuwa tisini na nane.

Ninyi mngefanyaje? Msinijibu haraka. Chuo kizima kinaimba jina la Gwakisa. Baba yake hajaondoka, amelala kwa mwalimu, anakula kuku. Wewe ni binti wa miaka ishirini mwenye kalamu.

Subilaga alikwenda kwa kocha. Hilo tumpe heshima yake, alikwenda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Karibu, njoo uione filimbi yetu."

Akamweleza. Mwalimu Mwakalobo akalitazama daftari kwa muda mrefu, kisha akalifunga taratibu, akamrudishia.

"Binti yangu, ngao imeingia chuoni kwetu au haikuingia?"

"Imeingia, mwalimu."

"Gwakisa ni mwanangu, Asajile ni mwanangu. Ukilifungua jambo hili, watu wa vyuo vingine watasema, kama mlikosea pointi hizi, na ushindi wenyewe mliupataje. Watatuvua vyote. Acha. Vijana wale ni marafiki, hawatagombana kwa pointi mbili."

Sikumleta kocha huyu ili tumtupie mawe. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka amani ya haraka, na amani ya haraka sisi sote tumewahi kuinunua. Subilaga akasema, "Sawa, mwalimu," akaliweka daftari chini ya nguo zake, na akawa mwalimu, na akaolewa, na akalea, na akawa mwalimu mkuu, na daftari likahama naye kila kituo, chini ya nguo zake.

Miaka arobaini na minne.

Mwalimu Mwakalobo alishafariki. Mashindano yakatimiza miaka hamsini. Kamati ikaundwa, ikataka kijitabu cha historia ya tuzo: kila mwaka nani alikuwa Mchezaji Bora, nani Kocha Bora, kura zilianza lini, ngao ya kwanza ilichongwa na nani. Wakauliza, nani anakumbuka? Wakaambiwa, yupo mama mmoja mstaafu, mwandiko wake mzuri. Wakampelekea kazi hiyo.

Mama Subilaga akaandika vizuri kabisa. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alikuwa anaandika na kucheka peke yake, majina yanamrudisha: yule aliyecheza na kandambili, yule kocha aliyesahau timu yake stendi. Alipofika themanini na mbili, kalamu ikakataa. Siku tatu imekataa. Siku ya nne akafunga safari.

Akamkuta Asajile nyumbani kwake, amebeba majani ya ng'ombe begani. Mzee sasa, bado mrefu. Mgane. Walifurahiana mno, wakaulizana watoto na magoti, kisha mama akasema:

"Kaka Asajile, nimekuja kukuomba msamaha."

"Mbona unanitisha, dada? Kunywa chai kwanza."

"Nikinywa nitashindwa kusema."

Akatoa daftari, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Akamweleza yote, jezi, kamba, kocha. Asajile akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari ule, halafu akafanya kitu ambacho mama hakukitegemea. Akacheka.

"Dada, mpira ule niliusukuma kwa mkono wangu huu. Ulidhani sikujua?"

"Ulijua?"

"Siku ileile. Walivyosoma tisini na saba, nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani."

"Sasa mbona hukusema, kaka?"

Asajile akavua miwani. "Ulimwona baba yake alivyovua kofia? Mzee yule alikuwa hajawahi kumsifia Gwakisa hata kwa jambo moja. Nikasema moyoni, basi, mwache awe nayo. Nikamsamehe palepale, nikapiga makofi. Makofi yale yalikuwa ya kweli."

Mama Subilaga akalia. Mzigo wa miaka yote ile, kumbe mwenye mali alishaufuta kabla hata jezi hazijafuliwa! Akanywa chai yake sasa, ikashuka. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa:

"Na Gwakisa mnaonana?"

Uso wa mzee ukabadilika.

"Yule? Yule ngao ilimpanda kichwani. Tangu aliporudi kutoka Lusaka, alihama kitanda. Harusi yangu alikuwa ndiye wa kunisimamia, hakutokea, nikasimamiwa na binamu. Mke wangu alipofariki, nilimwona kwa mbali, kwenye uzio, mgongo wake. Kabla sijamfikia, hayupo. Amestaafu, amejenga hapo ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Sokoni akiniona, anageukia kwenye viazi, anaanza kuvichagua. Mtu hata hanunui viazi!"

"Twende kwake."

"Mimi? Yeye ndiye aje."

"Sikusema wewe uende. Mimi ndiye ninayekwenda, kitabu hakiwezi kubaki na mwaka mtupu. Wewe nisindikize tu, njia siijui."

Akina mama mnacheka kwa sababu mnajua. Mzee akachukua fimbo yake, akatangulia.

Walimkuta Gwakisa amekaa mlangoni anachambua maharage. Alipowaona wawili wale wanaingia uani, alisimama, ungo ukamwagika. Akatazama kushoto, akatazama kulia, lakini mtu aliyeko nyumbani kwake hana pa kwenda. Yule kijana ambaye mdomo wake haukupumzika akasema neno moja tu, "Karibuni," macho yakiwa chini.

Mama akaanza kufungua mkoba. Gwakisa akainua mkono.

"Usilitoe, dada. Nalijua hilo. Ni ule mpira wa dakika nne za mwisho. Mimi nilikuwa nje ya mstari, nimekaribia kuegemea meza yako."

Akaketi tena pale mlangoni.

"Waliponibeba juu nilitaka kusema. Nikamwona baba. Nikasema, nitasema kesho. Kesho yake baba alikuwa bado yupo. Nikasema, nitasema nikirudi kutoka Lusaka. Kwenye treni nilikaa dirishani, kila mtu anashangilia mito na madaraja, mimi nawaza tu kiti kile ni cha nani. Niliporudi nikaona siwezi kulala juu ya kitanda chako, Asajile, nakusikia unapumua." Akaokota punje moja ya maharage. "Harusi yako nilishona suti. Nilifika mpaka stendi, tai ipo shingoni. Nikarudi. Na siku ya msiba wa shemeji nilikuja, nikakuona unavyolia, nikasema, mkono huu nitampaje leo, mkono wa mwizi?"

Asajile alikuwa ameshasogea. Machozi yamemjaa. Akasema kwa sauti kubwa, karibu kwa furaha, kama mtu anayeleta habari njema:

"Lakini ndugu yangu, mimi nilishakusamehe!"

Gwakisa akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Lini?"

"Siku ileile! Mzee wako alipovua kofia. Palepale!"

"Siku ileile?"

"Siku ileile."

Gwakisa akamtazama. Alimtazama muda mrefu sana, ndugu zangu, mpaka furaha ikamwisha mwenzake usoni. Kisha akasema polepole:

"Ulinisamehe siku ileile. Halafu ukakaa nao msamaha wangu miaka arobaini na minne. Asajile, mimi nilikuibia pointi mbili. Wewe umeniibia nini?"



Asajile akatafuta pa kukaa, akakaa chini, kwenye maharage. Na hapo, mtu ambaye maisha yake yote alijijua kuwa ndiye aliyekosewa, mtu mwenye moyo mzuri, mtu wa makofi ya kweli, akasema:

"Nilikuwa nasubiri uje uombe."

"Nami nilikuwa naogopa kuja."

"Najua. Nadhani nilijua. Nilipoona mgongo wako kwenye uzio, nilijua. Ningeweza kukuita kwa jina. Watu walikuwa wengi, nikaona, hapana, aanze yeye." Akamshika mwenzake mkono. "Nisamehe, Gwakisa. Nimekuja nikidhani nakuletea kitu. Mimi ndiye mdaiwa."

Walikaa pale chini mpaka mama Subilaga akaanza kuokota maharage mwenyewe, kwa kukosa la kufanya. Baadaye Asajile akamwambia, "Dada, mwaka ule uandike kama ulivyokuwa. Jina lake libaki." Alidhani anafanya wema. Gwakisa akatikisa kichwa.

"Usinifanyie hivyo tena. Ukiniachia jina lile, umeniachia na miaka ile. Dada, andika kweli. Tisini na nane, Asajile. Tisini na tano, mimi. Na uandike kwamba nilijua, ili nipumzike."

Na ndivyo ilivyochapishwa.

Sasa, ndugu zangu, mfano umeisha na mimi nabaki na ninyi.

Jumapili nyingi nimesimama hapa nikiwahubiria waliokosa. Nimesema tubuni, rudini, ombeni radhi. Leo sisemi nao. Wapumzike leo. Leo nasema na sisi wema. Nasema na sisi tuliokosewa, tulionyamaza, tuliomeza, tuliosema moyoni, "Nimeshamsamehe, yameisha." Tunalisema hata kwenye ushuhuda, na watu wanaitikia amina.

Nakuuliza: ulimwambia nani?

Msamaha ulio ndani ya kifua chako umemsaidia nani? Yule dada yako uliyemsamehe mwaka wa pili huu, anajua? Anapokuona kwenye sherehe ya ukoo na kupitia mlango wa jikoni, unadhani ni kiburi? Umewahi kufikiri kwamba labda ni mtu aliyeshona suti akafika stendi akarudi? Mwanao uliyemfukuza kwa maneno, ukalia chumbani, ukamwachilia mbele za Mungu, umempigia? Au umempa Mungu taarifa, ukamwacha mtoto gizani?

Tunasema tumesamehe, lakini tunaushika msamaha kwa mkono mmoja na kusubiri mtu aje kuuchukua kwa magoti. Tunapenda kidogo, tuseme kweli, tunapenda kuwa upande wa waliokosewa. Kuna heshima pale. Kuna kiti kizuri pale. Mtu anaweza kukaa kwenye kiti kile miaka arobaini na minne akijiona mtakatifu, na ng'ambo ya mto mtu mwingine anaisha.

Mungu hakutusamehe kwa namna hiyo. Hakukaa juu akasema, "Nimeshawasamehe, wakija wakijua ni vizuri." Alitutumia habari. Alikuja mwenyewe mpaka uani kwetu, tukiwa tumekaa tunachambua mambo yetu, macho chini. Kama angesubiri tuanze sisi, nani angekuwa ndani ya kanisa hili?

Nami nisiwahubirie kama mtu aliyemaliza. Ninaye mtu. Tulisoma wote, tulifanya kazi wote, alinisema vibaya kwa wakubwa, na mimi nilimsamehe, kweli kabisa, miaka kumi na moja iliyopita. Ijumaa, nilipokuwa naandaa mfano huu, nikagundua kwamba hajui. Nimempigia jana. Alipokea, nikasikia anahema tu. Sitawaambia alisema nini. Nitawaambia tu kwamba aliuliza swali lilelile: "Lini?" Na mimi nikaona aibu kutaja mwaka.

Kwa hiyo leo hakuna wimbo wa kufungia, na matangazo nimemwambia katibu ayabandike mlangoni. Nimekata dakika ishirini nzima za ibada, nimewapa ninyi. Anayekaa karibu, mwendee kwa miguu. Anayekaa mbali, mpigie hapo nje, kabla ya chakula, kabla hujapoa. Usiende kumkumbusha kosa lake. Usiende kumsikiliza anavyoomba. Nenda umwambie kitu kimoja ulichomficha: kwamba alishasamehewa, na lini.

Milango iko wazi. Nendeni.